Gunia Katika Bomba la Moshi

Mwezi uliopita kompyuta ya ofisi ya kanisa letu ilizimika katikati ya kazi ikakataa kuwaka tena. Karani wetu, mama mmoja mpole, alikuwa akiandika kumbukumbu za baraza. Aliita fundi kutoka Nyamira mjini. Fundi aliketi mbele ya ile mashine, hakugusa kitu, akauliza kwanza, "Nani aliizima mara ya mwisho, na aliizimaje?"

Mimi sikuwa nimeigusa. Hata sijui inawashiwa wapi. Lakini nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu. Swali hilo niliwahi kuulizwa nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, nikalijibu kwa uwongo, na mtu mwingine akalipa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msagaji katika mashine ya posho iliyokuwa njia panda, juu ya kilima, upande wa Nyamira. Banda lilikuwa la mabati, na ndani yake kulikuwa na injini ya dizeli yenye magurudumu mawili mazito, pipa la maji la kuipoza, na mkanda mrefu uliozungusha kinu. Tuliiwasha kwa hendeli, kwa nguvu za mkono. Bomba la moshi lilitoka ukutani likapanda juu ya paa, na kwenye mdomo wake mwenye mashine alikuwa ametundika mkebe, ili kila moshi ukitoka mkebe ulie. Tuku, tuku, tuku. Sauti hiyo ilivuka mabonde matatu. Akina mama waliisikia wakiwa nyumbani, wakajua mashine iko kazini, ndipo wakajitwika mizigo. Mkebe usipolia, hakuna aliyepanda kilima.

Mwenye mashine alikuwa mzee Mwislamu wa Kisii mjini, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kufungua duka. Kiswahili alizaliwa nacho. Chetu kilikuwa cha shuleni na cha kazini tu, kwa maana nyumbani ni Ekegusii kuanzia alfajiri, na mzee alitucheka kwa upole tulipokosea. Alikuwa ametuajiri wawili: mimi Msabato, na rafiki yangu Mkatoliki, ambaye tulitahiriwa naye msimu mmoja. Siku za juma tulisaga pamoja. Ijumaa jioni mimi niliondoka kabla jua halijazama, naye akabaki mpaka giza, kisha Jumamosi ikawa yake peke yake. Jumapili yeye alienda misa, ikawa yangu. Mzee alikuwa akisema amepata dini mbili kwa injini moja.

Rafiki yangu hakuniita kwa jina. Aliniita Msabato, nami nikamwita Mkatoliki, mpaka wateja wengine wakadhani ndiyo majina yetu.

"Nenda ukaoge, Msabato," alikuwa akiniambia kila Ijumaa. "Mungu wako anafunga ofisi mapema."

"Na wako?"

"Wangu ananijua. Ameniachia funguo."

Sasa ile Ijumaa yenyewe. Mkatoliki alikuwa amekwenda Nyacheki kwenye matanga ya mjomba wake, akaniambia nifunge mapema, angerudi kesho asubuhi. Kwangu mimi haikuwa Ijumaa ya kawaida. Sabato iliyokuwa inaingia ndiyo niliyokuwa nimepangiwa kuwekewa mikono niwe shemasi. Mchungaji mgeni alikuwa njiani. Mke wangu alikuwa amekwisha kupiga pasi shati langu.

Nilikuwa karibu kuzima injini alipofika mke wa mzee wa kanisa, na debe la wimbi kichwani. Ndiye aliyepaswa kumlaza mgeni na kumlisha. Alikuwa amepanda mlima mzima, anahema.

"Mama, nimefunga," nilimwambia.

"Umefunga na mkebe unalia?"

"Jua limezama."

Alinigeuza kwa bega akanionyesha ng'ambo. Watu wa milimani wanalijua jambo hili. Kwetu jua lilikuwa limekwisha kujificha nyuma ya kilima, lakini ng'ambo ya bonde migomba ilikuwa bado inang'aa. "Lile ni nini?" akasema. "Ni tochi?"

Kanisani tulikuwa na kawaida yetu. Kila Ijumaa mume wake, mzee wa kanisa, alisimama mlangoni akatazama mwanga ukipanda ule mlima wa mashariki, na ulipotoka kileleni aligonga rimu ya gari iliyoning'inia mtini. Rimu ikilia, Sabato imeingia, wala hakuna ubishi. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi kidogo. Nikamimina wimbi. Lakini wimbi ni nafaka ndogo, huhitaji chekecheke laini, tena alikuwa amechanganya na muhogo ambao haukukauka vizuri. Kinu kilikuwa kinasonga. Debe lilikuwa halijafika nusu niliposikia rimu ikilia.

Tuliangaliana.

"Malizia," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Nitampa mchungaji nini? Ndizi?"

Nilitaka kumalizia. Nisiseme ni huruma tu. Nilijua unga ule ungeliwa kwa ajili ya heshima yangu. Kilichonitisha ni ule mkebe. Mume wake alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, bonde moja tu kutoka kwetu, na masikio yake yalikuwa mazima. Shemasi wa kesho anasaga ndani ya Sabato, na mashine inamtangaza mabonde matatu.

Nilichukua gunia la katani, nikalichovya ndani ya pipa la maji, nikapanda juu ya pipa tupu la dizeli mpaka nikafikia mdomo wa bomba. Nikautoa mkebe, nikasokomeza lile gunia ndani kwa fimbo. Sauti ilishuka ikawa kama ya mtu anayekohoa akiwa amefunikwa blanketi. Nikafurahi. Nikasokomeza tena.

Injini ilisaga kidogo, halafu ikaanza kutetemeka mpaka debe likasogea lenyewe sakafuni. Ikakohoa mara mbili. Ikazima.

Mama alifunga unga aliopata, na wimbi lililobaki akalikunja katika kitambaa. "Hatukuonana," alisema, akateremka. Mimi nilivuta gunia. Lilitoka likiwa limeungua na limechanika, nusu yake. Nilijua ni nusu, na nusu nyingine imebaki ndani. Nalisema wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuona vizuri, giza lilikuwa limeingia. Giza lilikuwa halijaingia. Niliurudisha mkebe mahali pake, nikateremka nyumbani, nikaoga, nikawaongoza watu wangu katika wimbo wa kufungua Sabato.

Kesho yake nilipiga magoti mbele ya kanisa. Mchungaji na wazee walipoweka mikono juu ya kichwa changu, madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto la watu, nikasikia kutoka kilimani: tuku. Moja tu. Kisha kimya. Baada ya kitambo, tena: tuku. Alikuwa ni Mkatoliki, anazungusha hendeli. Maombi yalikuwa marefu. Nilihesabu mara saba kabla ya amina.

Jumapili nilifika mapema nikamkuta ameketi kizingitini, misa ameiacha. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha leso, kimevimba kama kiazi.

"Hendeli imenirudi," alisema. "Nilikuwa nimechoka, nikazungusha polepole, ikanipiga. Msabato, hii kitu umeifanya nini?"

Aliuliza kwa mzaha, kama kila siku. Ningesema wakati huo, lingekuwa neno dogo tu. Nikasema, "Niliiacha nzima."

Mzee alikuwa ametumiwa habari, akafika kutoka Kisii na spana zake zimefungwa kwa kipande cha kanzu ya zamani. Aliketi juu ya kigogo mbele ya injini kama daktari mbele ya mgonjwa, akauliza lile swali.

"Nani aliizima mara ya mwisho, na aliizimaje?"

"Mimi, mzee. Ijumaa, kabla ya jua kuzama. Niliizima kama kawaida."

"Ilizimika vizuri?"

"Vizuri."

Alinitazama akaridhika. Shemasi wa jana hangesema vingine. Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe jana?"

"Mimi haijaniwakia kabisa, mzee. Inashika mara moja, inakufa."

"Umetoka matangani. Ulikunywa?"

"Ijumaa nilikunywa. Jana sikunywa."

"Haya," alisema mzee, na nikaona amelipokea neno la kwanza akaliacha la pili.

Akaanza kazi, na nasema ukweli, sijaona tena mtu anayetafuta kosa kwa utaratibu ule. "Injini ni kama mtu," alitufundisha. "Kwanza uliza, anakula?" Akafungua mrija wa dizeli, akaiacha itiririke katika kikombe, akainusa, akaipaka kidoleni. Haikuwa na maji. Akatoa hewa kwenye mrija, akaukaza. Tukazungusha. Tuku, kimya. "Anakula. Je, anameza?" Akafungua nozeli inayonyunyiza dizeli, akaifuta, akaijaribu ikapiga ukungu mzuri. Tukazungusha. Tuku, kimya. "Anavuta pumzi?" Akatoa kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la unga, akakipigapiga ukutani, akatazama ndani ya tundu. "Anavuta." Akapima vali. Akafungua pipa tukamwaga maji yote, atazame kama limepasuka. Mimi ndiye niliyempa spana. Kila alipoomba moja nilimpa ile aliyotaka, haraka, kama mtu mwema.

Alikuwa ameuliza kama anakula, anameza, anavuta pumzi. Hakuuliza kama anaitoa. Nilikuwa nimesimama nusu hatua kutoka kwenye bomba, ninajua, na mdomo wangu haukufunguka. Nilikuwa nafikiri, nikisema sasa, ataniuliza kwa nini sikusema asubuhi. Na baada ya saa moja, ataniuliza kwa nini sikusema saa moja iliyopita. Ndivyo ilivyokuwa inazidi kuwa nzito.

Mkatoliki ndiye aliyezungusha, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mzee alisema aliyeiua aifufue.

Adhuhuri ilifika. Mzee alichukua birika akaenda nyuma ya banda kuswali. Mkatoliki alichukua ndoo kwa mkono wake mzima akateremka kijitoni kuleta maji ya pipa. Nikabaki peke yangu. Nilifungua nati mbili za kiwiko cha bomba, pale linapopinda, nikaingiza waya, nikavuta. Likatoka donge la katani lililoungua, jeusi, ukubwa wa panya. Nikalitia mfukoni mwa shati. Nikakaza nati. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo.

Waliporudi nikasema, "Mzee, tujaribu mara moja tena. Lakini kwanza tuombe."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilinitoka tu, kwa mazoea ya kinywa. Mzee alinyanyua viganja vyake kwa adabu. Mkatoliki alivua kofia. Nami niliomba, maneno mengi na mazuri, na donge liko mfukoni juu ya moyo wangu, kisha nikashika hendeli. Injini ilishika kwa mzunguko wa kwanza. Mkebe ukalia mpaka ng'ambo.

"Subhanallah," mzee alisema taratibu.

Mkatoliki aliitazama mikono yake miwili, akaigeuza, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho.

Mzee alimwambia pale pale asirudi. Hakumpigia kelele. "Huyu kijana anamwogopa Mungu, na mashine imemtii," alisema. "Wewe umekuja na ya matangani, ukailazimisha mpaka ikakupiga. Nenda ukapone." Wakati huo yule mwenzangu alikuwa na watoto wawili na mke mja mzito, na shamba la baba yake lilikuwa halijagawanywa. Kazi ile ndiyo iliyokuwa jembe lake. Aliponipita mlangoni alinigusa begani. "Uniombee na mimi, Msabato," akasema. Na hakuwa anatania.

Habari zilipanda na kushuka kilima. Sabato iliyofuata mke wa mzee wa kanisa alisimama wakati wa shuhuda akaeleza jinsi Mungu alivyojibu maombi ya shemasi wetu mpya mbele ya Mwislamu na Mkatoliki. Alipoketi macho yetu yalikutana, naye akainamia kitabu chake cha nyimbo. Yeye alijua nusu. Nusu nyingine, lile donge, ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kopo, juu ya kenchi. Sikuweza kuitupa. Nilijaribu mara mbili kuitia motoni nikairudisha.

Nilisaga peke yangu juma zima, na Jumamosi mashine ikawa kimya. Akina mama walikuwa wakiuliza, "Yule mwingine wa vichekesho yuko wapi?" Nikajibu amepumzika. Ilinibidi kusema neno hilo kila siku.

Kisha ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kwetu, kabla ya mkate na kikombe, watu hutawadhana miguu. Mwanamume huchukua beseni akaenda kwa mwanamume mwenzake, na kama kuna neno kati yenu, hapo ndipo husemwa. Mzee wa kanisa mwenyewe alikuja kwangu na beseni na taulo. Alipiga magoti, na magoti yake yalilia. Akashika mguu wangu wa kulia, akasema kwa unyenyekevu, "Mwanangu, kama nimekukosea, unisamehe."

Nilivuta mguu. Maji yalimwagika. Nikasema naumwa tumbo, nikatoka, nikaenda nyumbani nikachukua lile kopo, nikateremka moja kwa moja na viatu mkononi.

Nilimkuta Mkatoliki katika shamba la mtu, anachimba mashimo ya miche ya chai. Alikuwa anachimba kwa mkono wa kushoto, wa kulia unashikilia tu. Aliponiona alitazama jua.

"Leo ni Jumamosi, Msabato. Umepotea?"

Nilifungua kopo nikampa. Alilichukua lile donge, akalinusa, akalipasua kwa kucha, akaona nyuzi. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Alikuwa amepanda juu ya pipa lile lile mara nyingi, kuusafisha mkebe.

"Ijumaa?" aliuliza.

"Ijumaa. Baada ya rimu kulia. Nilikuwa naficha sauti."

Alikaa chini kwenye ukingo wa shimo. "Mimi nimekuwa nikifikiri," akasema, "labda nilikunywa Jumamosi nikasahau. Mke wangu ananiambia, huenda ulikunywa ukasahau. Nimeanza kumwamini."

Nilipiga magoti kwenye ule udongo nikaanza kuomba msamaha, na nadhani niliingiza jina la Mungu, kwa maana alinyanyua ule mkono uliovimba kunisimamisha.

"Usiombe hapa. Uliomba wapi? Nenda ukaseme pale pale."

Basi nikaenda. Siku ya soko, mzee mwenye mashine alipokuja, na banda limejaa akina mama na madebe yao, nilizima injini, nikaliweka juu ya gurudumu lile donge alilonirudishia Mkatoliki, nikasema kwa Kiswahili changu kilichovunjika, kisha kwa Ekegusii ili wote wasikie. Kitu kimoja tu sikukisema, debe lilikuwa la nani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja. "Na ile dua, ulikuwa unamwomba nani?"

Alinyoosha mkono nikampa funguo.

Mkatoliki alirudi siku ya pili yake, juma zima likawa lake isipokuwa Jumapili. Kanisa liliniondoa katika ushemasi, na nilikaa kiti cha nyuma kwa muda mrefu; namshukuru Mungu kwa kiti hicho, kwa sababu huko nyuma ndiko nilikojifunza kukaa kimya. Mke wa mzee wa kanisa alikuja kwangu jioni moja na bakuli la unga wa wimbi, akaliweka mezani, akaondoka bila kuketi. Mumewe alikufa hajui kwamba debe lilikuwa la mkewe. Sijui kama nilifanya vyema kumficha. Bado namwuliza Mungu.

Nilipopeleka mahindi yangu kusagwa, Mkatoliki alikuwa akinisimamisha mlangoni mbele ya wateja. "Msabato, toa mifuko ya nguo tuone." Nami niliigeuza nje, vumbi na vipande vya majani ya chai vikaanguka, akina mama wakacheka, naye ndiye aliyecheka kuliko wote. Alisaga miaka mingi, mpaka mashine za umeme zilipokuja. Mzee alipofariki, ni yeye aliyekwenda Kisii kuchukua hendeli ile ya zamani, akaiweka nyumbani kwake nyuma ya mlango.

Sasa sote ni wazee. Yeye huja kwangu siku za katikati ya juma, na mke wangu hutuwekea chupa ya chai na vikombe viwili. Kifundo kile kilipona kikiwa kimepinda. Kinabeba fimbo, kinafanya ishara ya msalaba, lakini hakiwezi kuzungusha kitu. Kwa hiyo, katikati ya habari zake, bila kunitazama wala kukatisha neno, huisukuma ile chupa mpaka upande wangu wa meza.

Nami huifungua.